Tusimwache Njiani

Leo tujifunze kwa Barnaba. Kijana Marko aliwaacha kule Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Baadaye Paulo alikataa katakata kusafiri naye tena. Wakagombana na Barnaba, wakaachana (Matendo 15). Barnaba akamchukua Marko, wakaenda pamoja kisiwani Kupro. Miaka ikapita, na Paulo mwenyewe akaagiza aletewe Marko amsaidie kazi (2 Timotheo 4).

Je, sisi? Kijana akishindwa kulipa mkopo tunamfuta kwenye daftari, hata jumuiyani haonekani tena. Deni alipe pole pole, lakini asikose ndugu. Kumfuata Yesu tunafundishana kwa kutembea pamoja.

Mjadiliane: Nani tumemwacha njiani? Nani kati yetu atamtembelea wiki hii?