Manjano, Mshubiri na Utumbo Wenye Vidonda

SWALI: Baada ya kuharisha damu kwa muda mrefu, nilipimwa kwa kamera nikaambiwa utumbo wangu mpana una uvimbe na vidonda visivyotokana na vijidudu, nikapewa vidonge vya salfasalazini. Shangazi ananihimiza nivitupe, nitumie unga wa manjano na maji ya mshubiri. Je, nimtii? — Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Mpe shangazi taadhima yake, lakini vidonge usivitupe, kwani mwenye maradhi hayo aachapo dawa kwa kuwa damu imekatika na tumbo limetulia, aghalabu hurudiwa na maradhi yale yale.

Ama manjano, yana ushahidi wake. Mwaka 2006 matabibu wa Japani walitangaza habari za wagonjwa 89 ambao maradhi yao yalikuwa yametulia, na wote wakiendelea na dawa zao za hospitali, fungu moja likaongezewa kiini cha manjano kiitwacho kukumini, gramu moja asubuhi na moja jioni, na fungu la pili vidonge visivyo na dawa ndani. Ilipotimia miezi sita, maradhi yalikuwa yamewarudia kiasi cha watu 5 katika kila 100 upande wa manjano, na kiasi cha 20 upande wa pili. Ni habari njema, ijapokuwa watu 89 ni haba.

Lakini pima kiasi chenyewe: unga wa sokoni una kiini hicho yapata gramu 3 tu katika kila gramu 100, hata atakaye gramu 2 kwa siku itambidi ameze zaidi ya gramu 60 za unga, mzigo ambao tumbo zima huukinai, sembuse lenye vidonda. Kijiko ndani ya mchuzi ni kiungo, nawe kile bila hofu. Vidonge vya kukumini vilivyotiwa pilipili manga ili damu ivipokee zaidi, hivyo vimekwisha kuwadhuru baadhi ya watu maini.

Mshubiri nao una mambo mawili ndani ya jani moja. Ute wake mweupe ulijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 44, matokeo yakatangazwa 2004, na walioutumia walipata nafuu kiasi. Bali yale maji machungu ya kimanjano yatokayo chini ya ganda ni haluli kali, na kumpa haluli mtu anayeharisha damu ni kumwongezea msiba. Jani lililopondwa zima hutoa yote mawili.

Nanyi wengine mnaoharisha damu ila hamjapimwa, msijitie katika hukumu ya ndugu huyu. Katika nchi zetu damu hiyo huletwa na amiba, na kichocho, na kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana mno na maradhi ya Crohn, ndugu wa maradhi haya, na mwenye nacho akipewa dawa za kuzima uvimbe kabla hakijatambuliwa, huweza kuangamia.

Basi, ndugu yangu, chukua manjano na mshubiri wa shangazi pamoja na vidonge vyako, uviweke vyote mbele ya daktari wako siku ya kliniki, na homa au damu ikizidi kabla ya siku hiyo, nenda hospitali ya Kitete usingoje.