Dondoo muhimu: Kutambua dau bandia katika mnada wa mtandaoni

Dau bandia ni bei inayotajwa na muuzaji mwenyewe, au na mshirika wake, kupitia akaunti nyingine ili kumpandishia bei mnunuzi wa kweli. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtoza faini muuzaji aliyefanya hivyo kwenye eBay. Dalili kuu ya dau bandia ni akaunti changa isiyowahi kushinda mnada, ambayo humfuata muuzaji mmoja tu, humpiku mshindani papo hapo kwa nyongeza ndogo, kisha hunyamaza bei inapofika juu.

Kwa nyumba au kiwanja cha Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, kinachouzwa kwa amri ya mahakama, mfumo wa serikali wa minada ya mtandaoni, cyamunara, ulioanza 2020, humtaka kila mshiriki aweke amana, yaani fedha ya dhamana, ya asilimia 5 ya thamani ya mali, sharti linalomzuia kwa kiasi kikubwa mtu asiye na nia ya kununua.

Katika minada ya WhatsApp, ambako hakuna amana wala msimamizi, mnunuzi wa Rusizi aandike kikomo chake mapema, asikivuke hata kwa faranga moja, na akatae akiambiwa kwamba mshindi amejitoa hivyo yeye achukue mali kwa dau lake mwenyewe la mwisho, kwa kuwa mshindi huyo huenda ni muuzaji mwenyewe. Aliyekwisha kulipa ahifadhi picha za skrini na ujumbe wa malipo, na kuzipeleka haraka katika kituo cha RIB, idara ya upelelezi ya Rwanda.