Chanjo ya Kichaa cha Mbwa Bila Friji

Wanakikundi, tumezoea kusikia ati chanjo ya kichaa cha mbwa haifiki kwetu kwa sababu hakuna friji, na barafu inayeyuka njiani. Basi iko habari ya kujifunza. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Tanzania walitangaza kwamba chanjo ya Nobivac Rabies ikikaa miezi 6 katika nyuzi joto 25, au miezi 3 katika nyuzi 30, humkinga mbwa sawa na ile ya frijini. Baadaye huko huko vikatengenezwa vyombo vya udongo vinavyopozwa na maji yanayokauka polepole, kama ule mtungi wa nyanya wa maji ya kunywa.

Lakini angalieni, hii si ruhusa ya kuweka kila chanjo mezani. Nyingine nyingi huharibika kwa joto. Daktari wa mifugo ndiye wa kuamua.

Faida iko wapi? Ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe, pamoja na wale wadogo tunaowaacha nyumbani. (Paka pia huchanjwa.) Kampeni ya siku moja huwakosa wengi, maana wengine wako malishoni. Chanjo ikikaa kijijini, aliyekosa leo huchanjwa kesho.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaonekana, hakuna dawa ya kuponya.

Ya kujadili: kijijini kwetu mbwa ni wangapi, na nani atawahesabu?