Mistari kwenye sahani kuukuu za buluu

*Nimenunua sahani kuukuu ya buluu na nyeupe. Nyuma imeandikwa "England". Ina mistari myembamba kama utando wa buibui, mingine ya kahawia. Je, imeharibika? Inafaa kwa chakula? – Msomaji, Mombasa*

Mistari hiyo ni nyufa za ngozi ya kioo inayofunika udongo. Kwa miaka mingi udongo hunywa unyevu na kuvimba kidogo, ngozi ikashindwa kuufuata. Sahani haijawa bovu. Ukahawia ni mafuta na chai vilivyopenya.

Neno "England" kwa kawaida huonyesha chombo cha 1891 au baadaye, Marekani ilipodai bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Ukingoni, mara nyingi michoro haikuungana sawasawa: hapo ndipo karatasi ya kuhamishia picha ilipokutana, na kasoro hiyo ndiyo uzuri wa kazi za Staffordshire, eneo la wafinyanzi huko Uingereza.

Maji ya vuguvugu na sabuni laini yanatosha. Jiki isitumike, hubaki ndani ya udongo na kubandua ngozi. Vyombo vingi vya zamani vilipakwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, hivyo sahani hii ibaki ya pambo, na isiwekewe kamwe chakula chenye ndimu au siki, labda maabara iipime kwanza.