Somo: Mashine ya Kutafutia Dhahabu

Vijana wa Quionga wametuuliza kama ile mashine ya kutafutia dhahabu, wanayoiita ditekta, inaweza kuwapatia riziki hapa hapa pwani. Tunajibu: haiwezi.

Sababu ni uzito. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Ikitoka katika mwamba wake, mara nyingi jiwe jeupe gumu, mto haupeleki kipande mbali. Kinazama nyuma ya mawe na ndani ya mashimo ya mto. Kinachoweza kufika baharini ni vumbi, na mashine haisikii vumbi. Ndiyo maana watu huenda Manica au Lupilichi huko Niassa, na ng'ambo ya Ruvuma huenda bonde la Lupa, Chunya, ambako dhahabu ya mitoni ilijulikana tangu 1922.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Ile sahani ya chini ina waya uliozungushwa. Umeme wa betri ukipita, nguvu ya sumaku huingia ardhini. Ikikuta metali, umeme mdogo huamka ndani ya metali ile na kurudisha habari, nawe unasikia mlio. Lakini mlio hautaji jina. Msumari wa jahazi, kizibo cha soda na ganda la risasi vyote hulia. Hata udongo mwekundu wenye chuma hulia, kwa hiyo kabla ya kuanza sahani huinuliwa na kushushwa juu ya ardhi tupu, na mashine hurekebishwa mpaka udongo unyamaze. Halafu ipitishwe polepole, karibu kabisa na ardhi. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele husikika kwa kina cha vidole tu. Muuzaji akiwaambia mita mbili, mwambieni afukie punje hiyo aonyeshe.

Hapa tuseme wazi. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imeondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Lakini vita vilivyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 vimeleta risasi na mabomu mapya, na Palma, wilaya yetu, ilishambuliwa Machi 2021. Basi msijifunzie mashine katika mashamba yaliyohamwa wala penye nyumba zilizoungua. Mkiona chuma msichokijua, msikiguse. Rudini kwa njia mliyojia, wazuieni watoto, mtoe taarifa.

Kwa wanaokwenda machimboni: mchimbaji awe na kibali chake, senha mineira, na achimbe eneo lililoruhusiwa. Mashine ni ghali, wengi huiazima kwa mgawo. Mapatano yaandikwe kabla ya safari: nani ananunua chakula, nauli ni ya nani, na siku zisizo na kipande zinahesabiwaje. Mwenye mashine hupenda kusahau siku hizo, mwenye jembe hawezi. Na mzani uwekwe mbele ya wote, siku ile ile kipande kinapopatikana.