Jua haki zako: Shamba lako kabla ya bikoni

Mkazi wa Same anaposikia kwamba mashamba ya jirani yanakatwa viwanja, swali la kwanza huwa moja: fidia ni kiasi gani? Ni swali halali, ila linakuja limechelewa. Sheria za ardhi za Tanzania zinampa mwanakijiji nguvu kubwa zaidi mapema, pale mkutano mkuu wa kijiji unapokaa kuamua ardhi itumikeje, kabla mpima hajasimika bikoni hata moja. Bikoni zikishasimama, nguvu hiyo hupungua sana, na kinachobaki ni mabishano ya fedha. Kwa hiyo makala haya yanaanzia mkutanoni, fidia itafuata baadaye. Anayeujua mkutano wake anaweza kuulinda mfereji, barabara na uwanja wa shule. Anayeijua fidia peke yake atalipwa, na vitu hivyo vitakuwa vimekwenda.

Tuanze na kinachobishaniwa. Juu mlimani, kule Chome, Mbaga, Suji na Mamba, kuna mvua, migomba na tangawizi. Chini, kuanzia Same mjini kupitia Makanya hadi Hedaru, mvua ni chache; miaka mingi haizidi sana milimita 600, tena zinagawanyika kati ya vuli na masika. Ukanda huo unalimika kwa maji yanayoshuka kutoka mlimani. Bangalala wana ndiva ya Manoo, yaani bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili yagawanywe mchana kwa zamu. Makanya wakulima huyaelekeza mashambani maji ya mafuriko yanayoteremka msimu wa mvua. Shamba la namna hii halisimami peke yake. Zamu ya maji, kuzibua matope, kukarabati kingo, vyote ni kazi ya wote wanaonyweshea. Mashamba mawili matatu ya katikati yakigeuka viwanja, misingi ya nyumba hukata mfereji, mikono ya kuzibua hupungua, na aliye chini kabisa hukosa maji ingawa hajauza hata hatua moja. Hasara hiyo haiandikwi popote kwenye karatasi ya mauziano. Familia nyingi za mlimani nazo zina mashamba huku tambarare. Zikiyapoteza, zitarudi kulima juu, kwenye miteremko mikali zaidi. Hatari ya miteremko Upareni inajulikana: Novemba 2009 maporomoko ya ardhi Mamba Miamba yaliua zaidi ya watu 20.

Je, mji unahitaji ardhi hiyo yote? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 269,807 wilayani Same. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi kidogo ya 300,000. Ongezeko ni kama watu 30,000 kwa miaka kumi. Tuseme kila watu wanne wanahitaji nyumba moja, na kila nyumba ipewe kiwanja cha mita za mraba 600: hizo ni hekta 450. Ongeza theluthi moja kwa barabara, shule na soko, zinafika 600. Skimu ya mpunga ya Ndungu peke yake ina hekta zipatazo 680. Maana yake ni kwamba ongezeko la watu wa wilaya nzima kwa muongo mzima linaweza kukaa kwenye eneo dogo kuliko skimu moja, na si wote watakaojenga pembeni mwa mji. Mashamba hayamalizwi na wingi wa watu. Yanamalizwa na kutawanyika: kiwanja kimoja hapa, viwili kule, kila mwenye shamba akipima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, bila ramani, dalali akiwa ndiye afisa mipango. Sheria inampa mwananchi uwezo wa kuzuia kutawanyika huko.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Mdhamini hana ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani wewe na kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkutano huo unatakiwa kukaa walau kila miezi mitatu. Mkutano huo huo ndio unaopitisha mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007: eneo hili kilimo, hili malisho, hili makazi, hili akiba ya vizazi vijavyo. Kijiji kilichoandika kwenye mpango wake kwamba mashamba yanayofikiwa na ndiva ni ya kilimo kina karatasi ya kuweka mezani mnunuzi anapokuja. Kijiji kisicho na mpango kina malalamiko tu. Hata Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinataka taarifa itangazwe kwenye Gazeti la Serikali na kupelekwa kijijini siku zisizopungua 90 kabla, ikieleza eneo, mipaka na sababu. Eneo likizidi hekta 250, Waziri ndiye anayeamua baada ya kusikia mapendekezo ya kijiji. Likiwa chini ya hapo, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Rudi kwenye hesabu ya juu uone jambo hili lina uzito gani: mradi wa viwanja katika kijiji kimoja ni nadra kufika hekta 250. Uamuzi, basi, uko mikononi mwa wanakijiji wenyewe, na ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa.

Kuna atakayesema: shamba ni langu, nauza nikitaka. Ni kweli kwamba haki ya kimila ni mali, na hatimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa mjini. Lakini sheria ile ile inataka kibali cha halmashauri ya kijiji pale mnunuzi anapokuwa si mkazi wa kijiji, na kugeuza shamba kuwa makazi katika eneo la mipango miji kunahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji juu ya mkataba wa mauziano si kibali cha halmashauri ya kijiji. Omba muhtasari wa kikao kilichokubali mauzo hayo. Ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa na baadhi ya ofisi haimo katika sheria za ardhi. Mama unayelima shamba la familia, jua kwamba mila inayokunyima ardhi kwa sababu ni mwanamke ni batili kwa kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yako kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Ukisikia shamba la familia limeuzwa nawe hukuulizwa, usikae ukisubiri wazee wa ukoo wakubaliane. Kuuza ni haki. Kuuza kwa namna inayomkatia jirani maji, bila kikao wala ramani, ni jambo ambalo jirani naye ana haki ya kulisemea.

Hatari kubwa zaidi huja kimya kimya, wakati eneo linapotangazwa kuwa la mipango miji chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 2007. Hapa Mahakama ya Rufani imetoa mafundisho mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Katika shauri la Mwalimu Omari dhidi ya Omari Bilali, lililoripotiwa mwaka 1990, ilielezwa kwamba eneo likishatangazwa na kupimwa, aliyekuwa akilishika kimila lazima awahi kuomba hati; akilala, kiwanja kikapewa mwingine, anaweza kuhesabiwa mvamizi kwenye ardhi aliyozaliwa. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama hiyo hiyo ikasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki, hata pale ambapo hakuna maendelezo juu yake, mradi aliitolea jasho. Uamuzi wa pili unakulinda usipoteze bure. Haukuondolei wajibu wa kuwahi. Kwa hiyo mkazi wa pembezoni mwa Same mjini asidharau tangazo lililobandikwa ofisi ya kata. Sheria inataka wananchi washirikishwe na rasimu ya mpango iwekwe hadharani ili wenye pingamizi waseme. Nenda uione. Tafuta shamba lako kwenye ramani, tazama njia ya mfereji na korongo la mafuriko vimechorwa au vimefutwa, kisha andika pingamizi, lipokelewe kwa muhuri na tarehe, ubaki na nakala.

Kwa nini nasisitiza mapema? Kwa sababu njia ya baadaye ni ndefu. Mgogoro wa ardhi huanzia baraza la ardhi la kijiji, kisha la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 halitoi tena hukumu bali hupatanisha tu, ndani ya siku 30. Upatanisho ukishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kusikiliza mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Unayemlalamikia akiwa halmashauri ya kijiji au ya wilaya, tangu marekebisho ya 2020 unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Same ni safari ya Moshi. Ndani ya siku 90 nyumba hufika kwenye lenta. Fidia nayo ina kanuni nzuri: thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, malazi, faida iliyopotea, ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa iongezwe riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila malipo urudiwe. Idai yote, kipengele kwa kipengele, na usisaini fomu ambayo hujaisoma. Ila wakazi wa Kigamboni, Dar es Salaam, ambao eneo lao lilitangazwa la mji mpya mwaka 2008 na mradi ukaja kuachwa, walikaa miaka mingi wasijue waendeleze au wangoje. Kanuni nzuri haikurudishii miaka.

Barabara nayo isisahaulike. Same iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na barabara ya Kisiwani hadi Mkomazi imekuwa ikiwekwa lami kwa awamu. Lami hupandisha bei ya ardhi, na kila kiwanja cha kando kinataka mlango wake barabarani, mahali ambapo mabasi na malori yanapita kasi na watoto wanavuka kwenda shule. Njia ya kuingilia barabara kuu inahitaji kibali cha TANROADS. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 22.5. Aliyekutwa na upanuzi huo akiwa kihalali nje ya mstari wa zamani hustahili fidia, aliyejenga ndani yake hastahili. Pima kabla ya kununua, na dai mpango uonyeshe barabara za ndani, ili viwanja vyote visimwagie watu kwenye barabara moja.

Hoja nzito kuliko zote ni ya vijana: wajenge wapi, na kilimo chenyewe hakilipi? Siwezi kuipuuza. Mwenye ekari mbili kavu, zisizofikiwa na mfereji wala maji ya mafuriko, ana sababu nzuri ya kuuza, na huko ndiko mji unakopaswa kuelekezwa. Zamani nyumba zilifuata maji, ndiyo maana zilibanana na mashamba. Sasa mradi wa Same–Mwanga–Korogwe unaleta maji ya bomba kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Bomba linaweza kuifuata nyumba kwenye ardhi kavu. Mfereji hauwezi kulifuata shamba likihamishwa. Na kwa anayeamini kwamba ardhi ni ya Rais, hivyo kupinga ni bure: Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi, na mahakama zimeshasema mali yako inalindwa na Katiba. Wapare walioteremka kwa maelfu hadi Same mjini mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru hawakuwa na Katiba wala kifungu cha kushika mkononi. Ninyi mnavyo.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji chako ukitangazwa, nenda. Kabla ya siku hiyo mwombe mtendaji mambo mawili: mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na muhtasari wa kila kikao kilichogawa au kuidhinisha mauzo ya ardhi. Kama mpango haupo, simama mkutanoni uombe uandaliwe, na hoja yako iandikwe kwenye muhtasari.