Kura ya Picha Mtandaoni: Mkazi wa Ndabibi, Soma Kwanza Kisha Ubonyeze

Ujumbe huingia kwenye WhatsApp ukiomba kura moja tu kwa mtoto anayeshindania zawadi ya picha bora. Umetoka kwa mtu unayemjua, labda mwenzako wa chama, ndiyo maana wengi hubonyeza bila kusita.

Mashindano halali ya aina hii yapo. Mwandalizi hupakia picha kwenye tovuti, na programu huongeza hesabu kila mtu anapochagua. Nyingine hubadilisha mpangilio wa picha kila ukurasa unapofunguliwa, kwa kuwa picha ya juu hupendelewa bure. Kazi ngumu ni kumzuia mtu mmoja kupiga kura mara kumi. Alama inayoachwa kwenye simu hufutika kwa urahisi. Kuhesabu kwa anwani ya intaneti nako kuna kasoro: simu nyingi za mtandao mmoja hutumia anwani moja, hivyo jirani hukataliwa ilhali hajapiga kura. Kwa sababu hiyo baadhi ya tovuti hutuma nambari ya kuthibitisha kwa SMS.

Hapo ndipo tapeli hujificha. Ukurasa wake huomba nambari yako ya simu, kisha nambari sita zilizoingia kwa SMS. Soma SMS hiyo vizuri: ikitaja WhatsApp, hiyo si kura, ni ufunguo wa akaunti yako. Ukiitoa, tapeli huingia na kuanza kuwaomba wenzako pesa kwa jina lako. Mweka hazina wa kikundi cha maziwa akinaswa, ni akiba ya watu wengi iliyo hatarini.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inampa mhusika faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na hata shindano likiwa halali, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha ikiwemo.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp leo. Aliyekwisha kunaswa aisajili upya WhatsApp kwa nambari yake, aondoe kila kifaa asichokijua kilichounganishwa, awapigie simu wanakikundi wasitume pesa, kisha aripoti katika kituo cha polisi.